Jiko la Bi Mdogo

Zahran Seif alilitoa jiko la mkewe nyumbani siku ya Ijumaa asubuhi, wakati Rawiya mwenyewe yuko msibani Mchangani anawasaidia wenziwe kupika. Hakulitoa kwa siri, astaghfirullah, Zahran si mwizi. Alilitoa mchana kweupe, kwa mlango mkubwa, mahamali wawili wamelibeba wanapiga kelele "njia, njia!" na kichochoro kizima cha Sokomuhogo kikaona. Nia yake ilikuwa njema kabisa. Alitaka kulijaribu kidogo tu kwenye boti yake, apate kujua litakaa vipi, kisha alirudishe kabla ya chakula cha mchana.

Boti ndiyo iliyomtia wazimu. Zahran alifanya kazi ofisi ya bandari maisha yake yote, akipiga mihuri makaratasi ya vyombo vya wenzake, na yeye mwenyewe hakuwahi kusafiri zaidi ya Dar es Salaam, tena kwa meli, tena amelala. Alipostaafu tu, akanunua boti ya tanga kwa Mzungu mmoja aliyekwishachoka na maji. Boti ya faiba, nyeupe, nyembamba, ina chumba cha kulala watu wawili na kijipembe cha kupikia. Akawa anakwenda Funguni kuitazama asubuhi na jioni. Akaisugua kwa sabuni ya unga, akaishonea mapazia. Watu wa mtaani hawakukawia, wakaipa jina: Bi Mdogo. "Zahran yuko wapi?" "Kenda kwa Bi Mdogo, leo zamu yake." Rawiya mwenyewe akicheka, wakati huo. Alikuwa hata akimuuliza, "Bi Mdogo hajambo?"

Siku ya jiko hakucheka. Jiko lile lilikuwa na meko manne, oveni chini na kioo mbele, na Rawiya alilinunua mwenyewe kwa jasho la keki za harusi alizokuwa akipika kwenye jiko la kuazima. Sasa liko Funguni, limetiwa botini, halikufungwa hata kwa kamba. Boti ya abiria ikapita kwa mwendo wake wa fujo, mawimbi yakaja, Bi Mdogo akalala upande, na jiko likateleza likaanguka kifudifudi. Kioo cha oveni kikapasuka, mguu mmoja ukapinda. Zahran akasimama analitazama, na wazo lililomjia, Mungu anamwona, halikuwa "Rawiya atasema nini." Lilikuwa: "Kumbe jiko la nyumbani halifai baharini!"

Aliporudi kutoka msikitini alimkuta Rawiya anafunga zipu ya begi. Jikoni palikuwa na alama nne nyeupe sakafuni, pale miguu ya jiko ilipokuwa ikikaa.

"Jiko langu liko wapi?"

"Nimelipeleka botini mara moja tu, kulijaribu. Limepata ajali ndogo. Lakini usijali, nshajua tatizo liko wapi."

Rawiya akaliinua begi. "Baba Hisham," akasema, maana mtoto wao wa pekee ni Hisham, anayefanya kazi Maskati, "mie n'nakwenda Bwejuu kwa dada yangu Basma. Kule jiko likiwekwa hukaa."

"Utarudi lini?"

"Ukishajua tatizo liko wapi."

Sasa mtu mwengine angelilala na maneno yale akayageuza geuza. Zahran aliyachukua kama alivyoyasikia, akatoka mbio kwenda kulitafuta tatizo.

Shaaban ilikuwa nusu. Hapo ndipo penye uzito. Tangu waoane, Zahran na Rawiya hawajawahi kufuturu kila mmoja kwake, na sasa Ramadhani inabisha hodi na yeye anakula chapati za dukani amesimama. Mwezi ukiandama Rawiya yuko Bwejuu, basi kaachwa au kaacha, watu watachagua wenyewe lipi litamu zaidi kusimulia. Na yote hayo si kitu. Zahran alimkosa mkewe, alimkosa sana. Akiingia ndani alikuwa akitoa salamu kwa sauti, kwa mazoea, na nyumba haimjibu. Usiku analala upande wake tu wa kitanda, hathubutu kuuvuka mpaka. Angempigia simu amwambie hivyo hivyo, lakini kila akishika simu alijiambia: na jiko je? Kwanza nipate jiko.

Akaipeleka kesi barazani.

Baraza ya Sokomuhogo imekwishaamua mambo makubwa kuliko hayo. Imeshapanga serikali, imeshaozesha na kuachisha, imeshasimamisha vita vya watu wasioijua kabisa. Mkuu wake ni Maalim Wakil, aliyesomesha fizikia skuli mpaka akastaafu, na tangu siku hiyo anawasomesha wapitanjia. Pembeni yake hukaa Matar, dereva wa zamani wa lori, mtu wa maneno machache. Wote wanaume wa heshima zao, na katika wote hakuna aliyewahi kukuna hata nazi moja.

"Gesi usiguse," alianza Maalim Wakil. "Gesi nzito kuliko hewa. Nyumbani ikivuja, hutambaa ikatoka mlangoni. Kwenye chombo huzama chini, ikakaa pale inakungoja uwashe kibiriti. Utapaa wewe na mapazia yako."

"Basi mafuta ya taa," alisema mwengine.

"Mafuta ya taa harufu yake Bi Rawiya ataipata mpaka Bwejuu. Ndo hatarudi tena."

"Spiriti?"

"Spiriti unatia wali leo, unakula kesho."

"Umeme wa jua!"

"Na wingu likipita, chai utaimalizia kwa dua?"

Mkaa ukatajwa ukafukuzwa, maana nani aliyewahi kusikia mkaa kwenye faiba. Machano, Mtumbatu ambaye Zahran kamwajiri awe nahodha kwa kuwa mwenyewe hajui kuiongoza hata pale penye nanga, alisema wanajisumbua bure: mkate wa boflo, halua na chupa ya chai, yeye kafika Mombasa hivyo hivyo. Wakamcheka. Mjadala ukaendelea siku baada ya siku, vikombe vya kahawa vikigonga, na mtu anayepita angedhani wanatafuta jiko la kuwapikia mahujaji.

Ndipo Matar akatoa sauti. "Zahran, si upande gari ukenda Bwejuu, ukamuomba radhi mkeo? Lisaa limoja tu ushafika."

Baraza ikamgeukia, ungedhani katukana.

"Radhi ya nini?" Maalim Wakil akauliza. "Kwa kioo? Kioo kinanunuliwa. Yule kakasirika kwa ajili ya jiko, na hasira za jiko huondoshwa kwa jiko. Hii hesabu rahisi, Matar."

Zahran akashusha pumzi. Maneno ya Matar yalikuwa yameshaanza kumwingia.

Jiko lilipatikana Mlandege, dukani kwa Mbarouk, ambaye huuza kila kitu kinachoshuka kwenye makontena ya mitumba, kuanzia baiskeli mpaka meno bandia. Lilikuwa jiko la chombo hasa: chuma kisichoshika kutu, meko mawili, oveni ndogo, na vyuma vya kubana sufuria zisihame. Kasoro yake ni moja. Lilishikiliwa pembeni kwa vyuma viwili tu, ukiligusa linabembea.

"Bovu hili," Zahran akasema. "Linacheza."

Mbarouk, ambaye hakulijua zaidi ya alivyomjua ng'ombe wa mtu mwengine, akakubali upesi. Akapunguza bei kwa ubovu huo, na kwa kuwa ni mtu wa kupendeza wateja akaahidi kijana wake atalichomelea kesho asubuhi, litulie tuli. Wakapeana mikono. Usiku Zahran akatafuta kwenye simu, akakuta ile bembea ndiyo jiko lenyewe: chombo kilale upande huu, kilale upande ule, jiko linabaki limenyooka na sufuria haimwagi. Alfajiri aliposali tu akakamata njia ya Mlandege, kanzu kaikunja mkononi.

"Usilichomelee! N'nalipenda linavyocheza!"

Mbarouk alimtazama kwa huruma. Alikuwa kasikia kuwa mkewe kaondoka, na mtu mkewe akiondoka huwa hivyo. Akalifunga jiko kwa gazeti. Kisha akasema, kwa upole wa mfanyabiashara, kwamba bado kuna kibakio kidogo, na kama Bwana Zahran ana chochote cha kumpa badala ya fedha yeye hakatai.

Zahran akakumbuka lile jiko lenye kioo kilichopasuka, limekaa botini linakula chumvi. Lile lililoleta ugomvi. Moyo ukamfurahi kabisa kupata njia ya kuliondoa machoni pa kila mtu. Mahamali wakaitwa, jiko likapandishwa mkokoteni, likapelekwa Mlandege likiwa na harufu ya vanila bado ndani yake. Barazani walimpongeza. Maalim Wakil naye aliregeza kamba juu ya gesi, kwa sharti kwamba mtungi ukae nje, juu, na aufunge kila anapomaliza.

Mpango ukawa huu. Atakwenda Bwejuu kwa bahari, amchukue Rawiya siku ya kuvunja jungu, kabla mwezi haujaandama. Atampandisha Bi Mdogo, watang'oa nanga, na boti ikishalala na upepo atampikia chai ya tangawizi na maziwa, amtilie kikombe kimejaa pomoni. Rawiya ataona kwa macho yake kwamba haimwagi. Kisha nini? Kisha basi. Jiko litakuwa limeshasema kila kitu. Hakumpigia simu, ili apate kushtuka kwa furaha. Alijizoeza kupika chai palepale Funguni mpaka Machano akakataa kuinywa, na ya mwisho mwisho ilikuwa inaelekea chai.

Wakaondoka asubuhi na upepo wa kaskazi mgongoni. Mpaka Kizimkazi mambo yalikuwa mazuri, wakalala hapo, na Zahran akawatumia barazani picha yake ameshika mwiko. Kesho yake wakazunguka ncha ya kusini, wakaikabili bahari ya Makunduchi na ule ule upepo sasa unawapiga usoni. Bi Mdogo akalala upande. Akalala hasa! Viazi vikatoka kapuni vikaenda zao, mto ukaruka, Zahran akajikuta amekaa juu ya ukuta. Lakini birika! Birika lilikuwa wima juu ya jiko, na jiko linabembea taratibu, maji hata hayatingishiki.

"Machano!" alipiga kelele kutoka chini. "Halimwagi!"

"Nini?"

"Jiko! Halimwagi kitu!"

"Na wewe je?"

"Mie nshatapika mara mbili!"

Uso ulikuwa umempauka, kanzu yake ya Ijumaa imeloa, goti limechubuka, na alikuwa na furaha ambayo hajaijua tangu siku aliyostaafu. Akapika chai, akaitia kwenye chupa, akaifunga. Rawiya ataonja kwanza hii, ya safarini, kisha atapikiwa nyengine mbele yake.

Bwejuu maji yalikuwa yamekupwa. Machano akatia nanga mbali, kwenye mlango wa mwamba, akamshusha na kidau mpaka kidau nacho kikagota. Zahran akateremka, kanzu kaifunga kiunoni, akaanza kutembea juu ya mchanga na majani ya bahari, chupa ya chai kaikumbatia kifuani. Wanawake waliokuwa wakifunga mwani waliinuka wakamwangalia mzee wa mjini anatoka baharini kwa miguu. Akawasalimu wote, mmoja mmoja.

Basma alikuwa nje ya nyumba yake anaanika nguo. Akaacha kanga mkononi.

"Shemeji! Umetokea wapi?"

"Baharini. Mwite Rawiya, nimemletea kitu."

"Rawiya?" Basma akamtazama miguu, akaitazama chupa. "Rawiya kaondoka asubuhi, kenda mjini. Hamkuonana?"

"Basma, mie nilikuwa baharini! Tungeonana wapi?"

"Kasema Ramadhani hii hapa na hawezi kukuacha na maboflo. Kanichukulia nazi zangu na pweza wa watu, kasema anakwenda kukuvunjia jungu nyumbani." Basma akaanza kucheka, akajizuia, akashindwa, akakaa chini.

Zahran hakuona haya. Aliona raha tupu. Karudi! Karudi mwenyewe, bila ya kuitwa! Machozi yakamlenga. Alikuwa bado anajifuta macho simu ilipolia, na jina lilikuwa lake yeye Rawiya.

"Baba Hisham."

"Naam! Naam, mke wangu!"

"N'ko nyumbani. Nimesimama jikoni, nina pweza mkononi. Jiko langu sijaliona."

Zahran akamweleza. Akamweleza vyema, kwa mapenzi, habari ya jiko jipya, na bembea yake, na vyuma vya kubana sufuria, na bahari ya Makunduchi, na birika lililosimama wima yeye amelala. Rawiya hakumkatiza. Alimwacha mpaka akamaliza.

"Langu, Baba Hisham. Mie nauliza langu."

"Lako... lako nimempa Mbarouk wa Mlandege. Lilikuwa limeshapasuka. Lakini hili, Rawiya, hili utakapoliona..."

"Ulimuuliza nani?"

Zahran ni mtu mkweli, tumpe haki yake. Akiulizwa hujibu. "Nilimuuliza Maalim Wakil," akasema. "Nikamuuliza Mbarouk. Machano nilimuuliza, na Matar, na baraza nzima. Yuko fundi mmoja wa gesi kule Amani, nilimwendea kwa miguu. Hata Hisham nilimpigia Maskati, akanitumia na picha..."

Akasita. Alikuwa anatafuta jina jengine. Alikuwa na hakika liko, maana aliuliza watu wengi sana. Akatafuta huku ameikodolea macho bahari, na kule mbali Bi Mdogo alikuwa anapanda na kushuka na jiko lake tumboni. Kwenye simu alisikia vikombe vya muuza kahawa vinapita chini ya dirisha la jiko lao.

"Umemaliza?" Rawiya akauliza.

"Nimemaliza."

"Haya. Nimesikia." Akakata.

Zahran akabaki na simu sikioni. Tatizo alikuwa kaliona sasa, na lilikuwa na sura yake yeye. Akaona haya, haya za kweli, mpaka masikio yakamwaka. Miaka yote hii mwanamke anapika na mlango wa jiko uko wazi, hatua chache tu kutoka kiti chake, na yeye kamuuliza fundi wa Amani.

"Chai yako itapoa, shemeji," Basma akasema taratibu. Hakuwa anacheka tena.

Akampigia Machano, akamwambia arudi na boti mwenyewe, na asilale njaa. Kisha akatoka barabarani na kanzu yake imeganda chumvi, akapanda gari. Matar alisema kweli. Lisaa limoja tu.

Sokomuhogo alimkuta Matar peke yake barazani, wenzake wamekwenda kusali alasiri.

"Jiko limerudi," Matar akamwambia kabla hajauliza. "Mkeo kaingia mwenyewe Mlandege, kalionesha kidole. Mbarouk kasema, hili kaniletea Bwana Zahran. Kamuuliza, kakuletea la nani? Basi. Mbarouk alikuwa keshalitia kioo na kunyoosha mguu, kaja nalo mwenyewe mbele ya mkokoteni. Mahamali walikuwa wale wale, 'njia, njia.'" Matar akakohoa. "Na lile la bembea, Mbarouk kasema umrudishie."

"Nitamrudishia," Zahran akasema.

Harufu ya pweza wa nazi ilimpokea tangu kwenye kona. Akafika mlangoni kwake, akatia mkono mfukoni, akaushika ufunguo. Akautazama, akaurudisha. Akabisha.

"Hodi."

Juu, jirani yao Bi Ulfat akafungua dirisha, maana toka nyumba ile ijengwe hakuna aliyesikia mwenyewe anajipigia hodi. "Zahran, umepoteza ufunguo?"

"Ninao, Bi Ulfat."

"Sasa?"

Zahran akainama. "Hodi," akasema tena, mdomo karibu na mlango.

"Nani?" Rawiya aliuliza kutoka ndani, na sauti ile anaijua kuliko yake mwenyewe.

"Mie. Zahran."

"Unataka nini?"

Njiani alikuwa katunga maneno mengi, mazuri, yenye mwanzo na mwisho. Yote yalikuwa yamekwenda na upepo. "Nimekuja kukuomba radhi," akasema, kwa sauti ambayo Bi Ulfat aliisikia na kesho mtaa mzima utaisikia. "Jiko lilikuwa lako na sikukuuliza. Sasa n'nakuuliza. Naweza kuingia?"

Kifuniko cha sufuria kikainuliwa, kikarudishwa. Mwiko ukagongwa ukingoni.

"Ngoja kwanza," Rawiya akasema. "Nina kitu jikoni."

Zahran akakaa kizingitini, chupa ya chai mapajani, akangoja.